Hadubini ya Maabara: Sehemu Zake, na Kwa Nini Majibu Yako Yanazitegemea

Mzazi anayempeleka mtoto zahanati kwa sababu anakojoa damu mara nyingi hupewa kikopo na kuambiwa amrudishe mtoto karibu na saa sita mchana. Wengine hukasirika. Wametoka mbali, wamelipa bodaboda, na mkojo wa asubuhi walishaubeba kwenye chupa kutoka nyumbani. Mzazi mwingine hupewa majibu ya malaria yaliyoandikwa kwamba hakuna vimelea vilivyoonekana, ilhali mtoto bado anachemka, akaondoka akiamini kwamba maabara imemdanganya.

Malalamiko haya mawili hayafanani, lakini maelezo yake yamo katika chombo kimoja kilicho juu ya meza ya maabara, ambacho wengi wetu tumekiona kupitia dirishani tu. Chombo hicho ni hadubini. Watu wengi hapa pwani hukiita darubini, na si kosa kubwa, ila kwa mvuvi darubini ni ile ya kutazamia mbali baharini. Hadubini ni ya kutazamia kilicho karibu lakini kidogo mno.

Hadubini ya zahanati, ya kituo cha afya na ya Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Msambweni ni za jina moja: hadubini ya mwanga yenye lenzi za ngazi mbili. Ngazi ya kwanza iko chini, karibu na kinachochunguzwa, nayo hukikuza. Ngazi ya pili iko juu, jichoni, nayo huikuza ile picha iliyokwisha kukuzwa. Njia rahisi ya kukielewa chombo hiki ni kufuata mwanga tangu unapoingia chini hadi unapofika machoni.

Mwanga huanzia kwenye kitako, yaani sehemu nzito ya chini inayoizuia hadubini isipinduke. Katika hadubini za siku hizi humo ndani mna taa ndogo. Katika za zamani, ambazo bado zinafaa pale umeme unapokatika, mna kioo cha kujitazamia badala ya taa: upande mmoja bapa, upande wa pili umebonyea, na mtaalamu hukielekeza dirishani ili kipokee mwanga wa mchana. Wanafunzi wazingatie hapa: kioo hicho huelekezwa kwenye mwanga wa anga, kamwe si kwenye jua lenyewe. Jua likipanda na kupita kwenye lenzi zote hizo hadi jichoni, linaweza kuharibu jicho moja kwa moja.

Juu ya taa kuna kondensa. Hii ni lenzi inayokusanya mwanga uliotawanyika na kuuelekeza mahali pamoja, kama watoto wanavyokusanya jua kwa kioo cha kukuzia hadi karatasi ikaanza kutoa moshi. Kondensa hupandishwa na kushushwa kwa skrubu yake pembeni. Ndani yake mna diaframu, kilango cha mviringo kinachofunguka na kufumba kama mboni ya jicho, na ambacho huamua mwanga upite mwingi kiasi gani.

Katika michoro ya vitabu vya shule diaframu huonekana kama kijisehemu kisicho na maana, na mwanafunzi akiisahau hupoteza alama moja tu. Maabarani ni tofauti. Kwa ugonjwa wa kichocho, diaframu ikiachwa wazi, mayai ya mdudu yanaweza kupita mbele ya macho ya mtaalamu asiyaone.

Sababu ni hii. Yai la kichocho cha mkojo lina ganda linalopitisha mwanga, na kwa kawaida mkojo hautiwi rangi kabla ya kutazamwa. Aliyewahi kuumwa na yavuyavu katika ufuo wa Diani analijua jambo hili: katika maji meupe yenye mwanga mkali humwoni, ila kivuli chake mchangani. Yai nalo ni hivyo hivyo. Mwanga ukiwa mwingi linamezwa. Mtaalamu hupunguza diaframu na kushusha kondensa kidogo, na hapo kingo za yai hujitokeza nyeusi: umbo la duaradufu, refu kiasi cha milimita 0.15, lenye mwiba mfupi kwenye ncha moja. Mwiba huo wa nchani ndio unaomtambulisha mdudu wa kichocho cha mkojo, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Schistosoma haematobium. Yule wa kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni, mwiba wa yai lake uko ubavuni.

Baada ya kondensa mwanga hupenya tundu lililo katikati ya meza ya hadubini. Juu ya meza hiyo huwekwa slaidi, kipande chembamba cha kioo chenye tone la damu, mkojo, choo au makohozi, na vibanio huishika isisogee. Pembeni kuna skrubu mbili za kuisogeza slaidi kulia na kushoto, mbele na nyuma. Anayetazama kwa mara ya kwanza huchanganyikiwa, kwa sababu picha imegeuzwa: ukisogeza slaidi kulia, unachokiona hukimbilia kushoto. Mtaalamu aliyezoea haoni tena tatizo hilo. Yeye huipitia slaidi kama mtu anayepalilia shamba, mstari hadi mwisho, hatua moja mbele, kisha mstari wa kurudi, ili pasibaki mahali ambapo hapajatazamwa.

Juu ya meza kuna kichwa kinachozunguka, chenye lenzi tatu au nne za chini, kila moja na nguvu yake imeandikwa ubavuni: 4, 10, 40 na 100. Juu kabisa, mwisho wa mrija, kuna lenzi ya jicho, ambayo kwa kawaida ina nguvu ya 10. Hesabu ni ya kuzidisha. Lenzi ya chini ya 10 pamoja na ya jicho ya 10 hukuza mara 100. Ya 40 hukuza mara 400, na ya 100 hukuza mara 1,000.

Ungedhani basi kila kitu kitazamwe kwa mara 1,000 tumalize kazi. La. Kadiri unavyokuza, ndivyo eneo unaloliona linavyopungua. Kwa lenzi ya 10 mtaalamu huona duara lenye upana wa karibu milimita 2. Kwa lenzi ya 100 duara hilo ni karibu milimita 0.2. Yai la kichocho ni kubwa kwa kulinganisha na vimelea vingine, kwa hiyo hutafutwa kwa lenzi ya 10, na ya 40 hutumiwa kulithibitisha. Anayelitafuta kwa lenzi ya 100 ni kama anayetafuta ng'ombe aliyepotea malishoni Kinango huku akichungulia kwenye tundu la ufunguo.

Sasa turudi kwa yule mzazi na saa sita mchana. Hadubini haiwezi kuonyesha kisichokuwemo ndani ya kikopo. Wadudu wakubwa wa kichocho huishi katika mishipa ya damu iliyozunguka kibofu, na mayai hupenya ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo. Hayatoki kwa kiwango kimoja siku nzima. Hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mkojo wa alfajiri, hata mtoto akiwa mgonjwa kweli, unaweza kuwa na mayai machache sana. Ndiyo maana kikopo hicho kina saa yake, na ndiyo maana mtoto huambiwa akojoe hadi tone la mwisho: mayai huzama chini ya kibofu na hutoka mwishoni.

Maabarani, mililita 10 za mkojo huo huchujwa kwa kichujio chenye matundu madogo kuliko yai, au huzungushwa kwa mashine ili vilivyomo vizame chini. Kisha mayai huhesabiwa moja moja. Mayai 50 au zaidi katika mililita 10 huhesabiwa kuwa maambukizi makali. Eneo la Msambweni limekuwa mahali pa utafiti wa kichocho tangu miaka ya 1980, na sehemu kubwa ya yanayojulikana kuhusu ugonjwa huu katika pwani ya Kenya ilipatikana kwa njia hiyo hiyo ya kikopo, kichujio na macho ya mtu aliyeinama juu ya hadubini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliweka hesabu za mayai za wakazi wa Milalani na Nganja kwenye ramani ya nyumba zao, ukaonyesha jinsi maambukizi makali yalivyojikusanya karibu na maji yenye konokono wanaobeba ugonjwa.

Hili si jambo la watoto peke yao, na si la mkojo mwekundu peke yake. Kichocho kisipotibiwa kwa miaka huumiza kibofu na figo, na kinahusishwa na saratani ya kibofu. Kwa wanawake mayai hukwama katika mlango wa uzazi na kuleta vidonda, damu na maumivu, na wengi wao hutibiwa magonjwa ya zinaa ambayo hawana. Dawa yake, praziquantel, ni vidonge vinavyomezwa kulingana na uzito wa mwili. Yai moja lililoonekana vizuri linatosha kumfikisha mgonjwa kwenye dawa hiyo.

Malaria ni habari nyingine, na hapa ndipo lenzi ya 100 inapopata kazi yake. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8, yaani chini ya sehemu moja ya mia ya milimita. Kimelea cha malaria kikiwa bado kichanga hukaa ndani ya chembe hiyo kama pete ndogo, na hakichukui hata nusu ya upana wake. Bila rangi ni vigumu sana kukiona, ingawa daktari Mfaransa Alphonse Laveran alikiona mwaka 1880 huko Algeria katika damu isiyotiwa rangi, kwa uvumilivu wake. Siku hizi damu hutiwa rangi ya Giemsa, ambayo huipa kiini cha kimelea wekundu na sehemu iliyobaki ubuluu.

Lenzi ya 100 haifanyi kazi vizuri hewani. Upondo ukitumbukizwa majini huonekana kama umevunjika, kwa sababu mwanga hupinda unapotoka majini kuingia hewani. Mwanga unaotoka kwenye kioo cha slaidi hupinda vivyo hivyo, na sehemu yake kubwa hukosa mdomo wa lenzi, ambao kwa lenzi ya 100 ni mdogo sana. Kwa hiyo mtaalamu huweka tone la mafuta maalumu juu ya slaidi na kuishusha lenzi hadi iguse mafuta hayo. Mafuta yanapitisha mwanga sawasawa na kioo, kwa hiyo mwanga haupindi tena njiani. Hapa kondensa hupandishwa juu na diaframu hufunguliwa, kinyume kabisa na kazi ya mkojo. Mafuta ya kupikia au ya nywele hayafai kuwa badala yake.

Lenzi ikishushwa karibu hivyo, skrubu za pembeni ndizo zinazoleta usalama au hasara. Ziko mbili kwenye mkono wa hadubini, mara nyingi zimepachikana. Kubwa huisogeza meza haraka na hutumika kwa lenzi dogo za 4 na 10 tu. Ndogo huisogeza kidogo kidogo hadi picha iwe safi. Anayezungusha skrubu kubwa huku lenzi ya 100 iko mahali pake husikia mlio mdogo wa kioo kupasuka, na kama bahati ni mbaya, kilichopasuka si slaidi peke yake.

Damu ya malaria hupakwa kwa namna mbili. Tone nene hukusanya damu nyingi mahali pamoja na hutumika kujua kama vimelea vipo. Tone jembamba lililotandazwa huonyesha chembe moja moja, na hutumika kujua ni aina gani ya kimelea. Tone nene lazima likauke kabla ya kutiwa rangi, rangi nayo hutaka dakika zake, kisha slaidi ioshwe na ikauke tena. Baada ya hapo mtaalamu hutazama maduara yasiyopungua 100 kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea. Saa nzima inaweza kuisha bila mtu yeyote kufanya uvivu.

Na maduara hayo 100 ni damu kiasi gani? Ni karibu robo ya mikrolita, na mikrolita ni sehemu moja ya milioni ya lita. Kwa hiyo mtaalamu akiandika kwamba hakuna vimelea vilivyoonekana, amesema kweli kuhusu damu aliyoitazama, wakati ule. Mtu ambaye homa yake imeanza leo, au aliyemeza dawa zilizobaki nyumbani kabla ya kuja, anaweza kuwa na vimelea vichache mno kuonekana. Homa ikiendelea, kipimo hurudiwa baada ya saa 12 hadi 24. Kurudiwa huko hakumaanishi kwamba cha kwanza kilikosewa.

Wapo wanaouliza kwa nini tusitumie kile kipimo cha haraka cha tone la damu kinachotoa mstari kwa dakika 15 au 20. Kinatumika, na kwa wahudumu wa afya ya jamii vijijini ni msaada mkubwa. Lakini vingi vya aina hiyo hutambua protini ya kimelea, ambayo huweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Kwa aliyemaliza dawa akarudi na homa, mstari huo hausemi kama ni ugonjwa mpya au ni mabaki ya ule wa zamani. Hadubini husema, na huweza pia kuhesabu vimelea na kuonyesha kama vinapungua kwa matibabu.

Ugonjwa wa matende na mabusha, ambao wazee wetu wa pwani wanaujua vizuri, una masharti ya ajabu zaidi ya saa. Wadogo wa minyoo yake hujificha ndani ya mwili mchana na huja kwenye damu ya pembeni usiku, wakati mbu wanaouma. Kwa miaka mingi timu za utafiti na za afya zilizokuja vijijini Kwale zililazimika kutoa watu damu kati ya saa nne usiku na saa nane usiku, jambo lililozua maneno mengi kuhusu kilichokuwa kikifanywa na damu hiyo. Kilichofanywa kilikuwa kuipaka kwenye slaidi, kuitia rangi na kutafuta minyoo hiyo midogo, ambayo kwa urefu wa karibu robo ya milimita huonekana hata kwa lenzi ya 10.

Limebaki jambo la utunzaji, ambalo kwa pwani lina uzito kuliko bara. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima, na kuvu hupenda lenzi. Huota juu ya kioo kama nyuzi za buibui, hula rangi ya ulinzi iliyopakwa kiwandani, na ikishaingia ndani ya lenzi ni vigumu kuitoa. Dalili ya kwanza ni picha yenye ukungu ambayo haisafiki hata ukifuta. Hadubini inayofungiwa kwenye sanduku la mbao lisilopitisha hewa, kwa nia njema ya kuilinda na vumbi, huharibika upesi kuliko iliyoachwa mezani. Penye umeme, njia ya bei nafuu ni kuihifadhi katika kabati lenye balbu ya wati 25 hadi 40 inayowaka ndani, kwa sababu joto hufukuza unyevu. Pasipo na umeme, punje za silika huwekwa pamoja nayo na kukaushwa motoni kila zinapobadilika rangi.

Mafuta ya lenzi ya 100 hufutwa kila siku kazi inapoisha, kwa karatasi maalumu ya lenzi. Yakiachwa hukauka na kuwa kama gundi. Pindo la leso, shati la sare na pamba ya kawaida huacha mikwaruzo na nyuzi. Shule zenye hadubini moja kwa darasa zima zizingatie hilo hasa, na ziwafundishe wanafunzi kuibeba kwa mikono miwili, mmoja umeshika mkono wa hadubini na mwingine chini ya kitako.

Kwa upande wa mwananchi, kuna mambo machache yanayosaidia anayetazama. Lete mkojo katika saa ulizoambiwa, na ikiwa huwezi kuukojoa hapo kituoni, ufikishe mapema na useme saa uliyoukojoa. Mtaje dawa yoyote uliyomeza ndani ya wiki chache zilizopita, hata ya dukani. Ukiombwa makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, toa yale yanayotoka ndani ya kifua kwa kukohoa, kwa sababu mate hayana kitu cha kuonyesha. Na ukipewa majibu kwamba hakuna kilichoonekana ilhali hali haibadiliki, rudi kituo kile kile na karatasi ile ile, ili mtaalamu ajue ni lini ulipimwa na aanzie hapo.